Chumba cha watoto katika nyumba ya zamani Dodoma: tulianza na ukuta, rangi ikaja mwisho

#1 – Mleta mada (Dodoma mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Juni mwaka jana nilitafuta sana maelekezo ya Kiswahili kuhusu kukarabati chumba cha mtoto katika nyumba iliyozeeka. Nilikutana na picha nyingi za vyumba vipya vilivyopambwa vizuri, lakini sikumpata mtu wa kunieleza nifanye nini na ukuta unaotoa chumvi, dirisha lenye matabaka ya rangi ya miaka arobaini, na dari ambayo hakuna mtu aliyekumbuka imetengenezwa kwa kitu gani. Sasa kazi imekamilika na msimu mzima wa mvua umepita juu yake, kwa hiyo naweza kuandika nikiwa na uhakika wa kile kilichofaa.

Nyumba iko Area C. Ilijengwa mwaka 1982, katika ile miaka ambayo mji ulikuwa unapimwa na kupanuliwa kufuatia uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, nasi tumeirithi kutoka kwa baba mkwe. Kuta ni za matofali ya saruji, madirisha ni ya luva, na sakafu ni ile ya saruji nyekundu inayong'arishwa kwa nta. Chumba tulichokusudia kuwapa watoto wetu, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka miwili na nusu, kiko pembe ya magharibi, na kwa muda mrefu kilikuwa stoo. Tulipanga kupaka rangi ya waridi Jumamosi, kubandika picha Jumapili, na kuwalaza watoto humo Jumatatu.

Aliyetusimamisha ni yule mdogo. Tulikuwa tunatoa mizigo asubuhi, nikageuka nikamkuta amesimama chini ya dirisha akibandua magamba ya rangi kwenye kizingiti, na mengine yakiwa tayari mdomoni. Nilimsafisha mdomo, kisha nikaliangalia lile dirisha kwa makini kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba hii. Juu palikuwa na nyeupe, chini yake kijani, chini ya kijani palikuwa na njano, na kila luva ilipofunguliwa ilisaga kidogo rangi hiyo ikawa unga juu ya kizingiti.

Naomba wazazi wenzangu walichukulie jambo hili kwa uzito. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa nyeupe, njano, kijani na nyekundu, zilitiwa misombo ya madini ya risasi ili zifunike vizuri, zikauke upesi na zidumu. Baadhi ya misombo hiyo huwa na utamu, na mtoto aliyeonja gamba moja anaweza kulirudia jingine. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile kilichomezwa. Risasi hujificha katika mifupa na meno, huharibu ubongo unaokua, na mara nyingi haionyeshi dalili yoyote mapema. Tulimpeleka mtoto kwa daktari na kumweleza waziwazi alichokula, kwa sababu daktari asipoambiwa kuhusu rangi hana sababu ya kuifikiria. Tunashukuru kwamba mtoto yuko salama. Tangu siku ile mlango wa chumba ulifungwa kwa ufunguo mpaka kazi ya dirisha ilipokwisha.

Hatua ya pili ililetwa na fundi rangi aliyekuja kutupa bei. Hakugusa kipimo chake. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa nje wa chumba, kwa ndani, karibu na sakafu, akakiacha pale kwa muda, kisha akasema: "Mama, ukuta huu unakunywa maji kutoka nje. Nikikupakia leo utanilipa, lakini Desemba utaniita tena." Tukatoka naye kwenda nyuma ya nyumba.

Nyuma kulikuwa na bustani ya maua ya mama mkwe, imeegemea ukuta kabisa. Udongo uliokuwa ukiongezwa mwaka hadi mwaka ulikuwa umepanda ukafunika msingi na kupita usawa wa sakafu ya ndani, na kwa kuwa Dodoma ni kavu, maua yalimwagiliwa asubuhi na jioni. Pembeni palikuwa na bomba linalodondosha matone mchana kutwa. Maji ya visima vya ukanda wetu yana chumvi nyingi, na aliyewahi kuangalia ndani ya birika lake anaufahamu ule ukoko mweupe. Maji hayo hupenya ukutani, hupanda taratibu ndani ya lipu, na yakifika upande wa chumbani hukauka na kuiacha chumvi. Chumvi ikiganda huvimba, na nguvu yake ndiyo inayosukuma lipu na rangi mpaka vimomonyoke kama unga wa mahindi. Watu wengi hujaribu kuyazuia kwa kupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta. Maji hayazuiliki kwa njia hiyo, yanapanda juu zaidi na kutokea pale rangi ya mafuta inapoishia, na sisi tulilithibitisha hilo kwa kuwa mtu fulani alikwisha kulifanya kabla yetu.

Tulihamisha bustani. Haikuwa rahisi kumweleza mama, kwa maana maua yale aliyapanda yeye na marehemu mume wake, kwa hiyo tulikwenda taratibu, mche kwa mche, tukayaweka mengine kwenye vyungu barazani anapopenda kukaa. Tuliuchimba udongo mpaka msingi ukaonekana, tukahakikisha udongo uko chini ya sakafu ya ndani kwa zaidi ya sentimita 15, tukauinamisha ili maji ya mvua yakimbie mbali na nyumba, na bomba likatengenezwa. Ndani tulibomoa lipu yote iliyooza hadi urefu wa mita moja na kidogo. Chumvi iliyobaki kwenye matofali tuliitoa kwa brashi kavu, kwani ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Baada ya hapo hatukufanya chochote kuanzia mwisho wa Juni hadi mwanzoni mwa Septemba.

Kipindi hicho cha kusubiri ndicho ninachokithamini kuliko vyote, ingawa jirani alidhani fedha zimetuishia. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo. Kwingine watu hukausha kuta kwa shida sana, sisi tunapewa miezi ya kukausha bila malipo, halafu tunaipoteza kwa kupaka rangi haraka. Ili kujua kama ukuta umekauka, tulibandika kipande cha nailoni kwa utepe pande zote nne na kukiacha usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, yaani upande wa ukuta, maji bado yanatoka ukutani. Mara ya kwanza, Julai, tulikuta ukungu. Septemba palikuwa pakavu kabisa. Lipu mpya ilipigwa, nayo tukaipa siku 28 za kukomaa kabla ya brashi yoyote kuigusa.

Dirisha tuliling'oa lote. Sijutii uamuzi huo, japokuwa luva zilipitisha hewa vizuri kuliko dirisha la alumini la kusukuma ambalo hufunguka nusu tu. Luva hazifungi sawasawa, na kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi letu huingia mpaka ndani ya shuka. Grili mpya ina sehemu inayofunguka kwa ufunguo, kwa sababu chumba cha mtoto chenye nondo zisizofunguka hakina njia nyingine ya kutokea moto ukizuka mlangoni. Ufunguo unaning'inia mahali ambapo binti anafika na mdogo wake hafiki.

Siku ya kung'oa, watoto walikuwa kwa shangazi yao na hawakurudi mpaka usafi ulipokamilika. Sakafu ilitandikwa nailoni nzito, mlango ukazibwa, rangi ilinyunyiziwa maji kabla ya kukwanguliwa kwa mkono, na hakuna mashine ya msasa wala moto uliotumika, kwa kuwa msasa mkavu hutawanya vumbi la risasi nyumba nzima na moto hulifanya kuwa mvuke. Mafundi walivaa barakoa za kuzuia vumbi jembamba na kubadili nguo kabla ya kwenda kwao. Magamba yalifungwa katika mifuko miwili miwili, hayakuchomwa wala kutupwa shimoni nyuma ya nyumba ambako kuku huchakura. Kisha chumba kilifutwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya sabuni, mara tatu. Ufagio mkavu ulikatazwa kabisa.

Kuhusu dari, nitasema kwa kifupi. Baadhi ya majengo ya zamani yana mabati au bodi za saruji zilizochanganywa na nyuzi za asbesto, na kwa macho huwezi kuitambua. Bodi ikiwa nzima na imetulia, nyuzi haziruki. Hatari huanza unapoitoboa, kuikata au kuipiga msasa. Sisi tuliamua kuichukulia dari yetu kana kwamba ina asbesto. Haikutobolewa hata tundu moja la ndoano ya chandarua, ilipakwa rangi kwa rola bila kusuguliwa, na chandarua kikafungwa kwenye nguzo nne za kitanda.

Palikuwa pia na ufa uliotoka pembe ya dirisha kwenda juu kwa mshazari. Hapa kwetu nyufa zina sababu zake: udongo wa mbugani huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na mji huu uko katika ukanda wa Bonde la Ufa, kwa hiyo mitikisiko midogo ya ardhi si jambo geni. Fundi aliweka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe kando yake. Ulikaa hivyo miezi mitatu bila kuvuka alama, ndipo akaupanua kidogo, akaujaza na kuufunika kwa wavu mwembamba kabla ya lipu ya juu. Ufa unaoendelea kutembea, au unaopitisha sarafu, si kazi ya fundi rangi, mwite mhandisi.

Umeme nao ulikaguliwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Soketi moja ya zamani haikuwa na waya wa erthi, na hakukuwa na breka ya kukata umeme unapovuja. Vyote viliwekwa kabla ya lipu, ili tusije tukachimba ukuta mpya.

Sasa rangi. Chumba kina mita 3 kwa 3.6, na kimo cha mita 2.7. Kuta nne ni takriban mita za mraba 35.6, ukiondoa mlango na dirisha zinabaki kama 32. Mikono miwili ya rangi, yaani matabaka mawili, ni mita za mraba 64, na lita moja ya rangi nzuri ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo zinahitajika lita 6 na nusu. Tulinunua galoni mbili za lita 4, na kilichobaki tumekihifadhi kwa ajili ya marekebisho. Mwanzoni tulikuwa tumeshauriwa kununua ndoo ya lita 20. Hesabu hii ni ya dakika tano tu, na kila mzazi aifanye kabla ya kwenda dukani.

Kwenye ule ukuta wa nje tulichagua rangi ya maji isiyong'aa, inayouacha ukuta upumue. Najua watu hupenda rangi inayofutika katika chumba cha mtoto, lakini ukuta uliowahi kuugua unyevu ukiuziba kwa rangi ya kung'aa unaurudisha ugonjwa. Alama za mikono michafu ya watoto nitazipakia rangi ile ya akiba. Zile kuta za ndani zisizo na historia ya unyevu ndizo zilizopata rangi inayofutika. Zote ni za rangi ya maziwa, kwa sababu chumba cha magharibi hupata jua kali la jioni, na rangi nzito ingekifanya kionekane tanuri.

Na waridi? Binti aliikataa mwenyewe. Wakati tunasubiri ukuta ukauke, shule yao ilikwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuangalia michoro ya kwenye miamba ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Alirudi akiwa hana neno jingine isipokuwa watu warefu wembamba, twiga na pofu, wote wekundu. Akaniuliza wale watu wa kale walipata wapi rangi ambayo haijafutika mpaka leo, nami nikamwonyesha sakafu ya chumba chake. Wekundu wa michoro mingi ya Kolo hutokana na oksaidi ya chuma, ambayo ndiyo hiyohiyo inayotiwa kwenye saruji ya sakafu nyekundu. Haipauki kwa jua wala haiunguzwi na ukali wa saruji. Fundi alichanganya unga wa sakafu kidogo katika rangi ya maji, na binti akachora watu wake kwenye ukuta unaotazama dirisha, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa wiki mbili. Angalizo langu ni moja: iko pia rangi nyekundu ya zamani ya kukinga vyuma dhidi ya kutu, iliyotengenezwa kwa oksaidi ya risasi. Hiyo isiingie chumbani, na ukiikuta kwenye grili ya zamani, fanya kama tulivyofanya kwenye dirisha.

Karibuni kwa maswali.

#2 – Mchangiaji, fundi rangi (Singida)

Nakushukuru mleta mada, na huyo fundi aliyekataa kupaka rangi nampa heshima yake, kwani alikuwa anaikataa fedha iliyo mkononi. Naomba niongeze mambo mawili na nipingane nawe kidogo.

La kwanza, kabla ya kupaka, pitisha kiganja kikavu ukutani. Kikitoka cheupe, kuna chokaa ya zamani inayopukutika, na rangi ya maji ukiipaka juu yake itashika chokaa badala ya kushika ukuta, kisha vyote viwili vitaanguka pamoja. Chokaa hiyo itolewe kwanza kwa kitambaa chenye maji.

La pili, milango ya zamani imepakwa rangi ya mafuta, na siku hizi wateja wanataka rangi ya maji juu yake kwa sababu haina harufu. Inawezekana, lakini lazima mng'ao uvunjwe kwa msasa wa maji, tena ukiwa umeloweshwa muda wote, kisha andakoti, yaani rangi ya msingi, ipite kwanza. Bila hivyo mtoto ataichuna kwa kucha kama ganda la muwa.

Ninapopingana nawe ni hapa: msomaji anaweza kudhani kwamba kila rangi ya zamani ni lazima ikwanguliwe. Rangi ya mafuta iliyoshika vizuri kwenye ukuta wa kawaida, isiyo na ufa wala gamba, ni salama zaidi ikifunikwa kwa tabaka jipya kuliko ikichokozwa. Kukwangua kunazalisha vumbi ambalo halikuwepo.

#3 – Mleta mada

Ndugu fundi, uko sahihi, nami ningepaswa kuliandika mwanzo. Mlango wetu tulifanya kama ulivyosema: ubapa wake ulifunikwa tu, ila kingo zake zinazosugua fremu zilikwanguliwa kwa maji na kurandwa kwa mkono zikiwa mbichi, kwa kuwa popote pana msuguano rangi ya juu haitadumu. Dirisha lote lilikuwa msuguano, ndiyo sababu halikusalimika.

#4 – Mchangiaji, mama wa watoto watatu (Makole)

Dada, nimesoma mpaka mwisho na nimeogopa. Mimi ni mpangaji. Nyumba ni ya zamani kuliko hiyo yenu, dirisha la chumba cha watoto linapukutika vilevile, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kubomoa lipu. Sina uwezo wa kuhama mwaka huu. Nifanye nini kwa fedha kidogo niliyonayo?

#5 – Mleta mada

Dada yangu, pole, na usiogope kiasi cha kukata tamaa, maana hatua za kuwakinga watoto ndizo zenye gharama ndogo kuliko zote.

Leo sogeza kitanda kiwe mbali na dirisha, ili mtoto asilale wala kucheza chini yake. Magamba yaliyolegea yaokote kwa mkono ukitumia kitambaa kilicholowa, watoto wakiwa nje, na hicho kitambaa ukitupe. Kizingiti kifute kwa maji ya sabuni kila wiki, kisha kifunike kwa plastiki nene ya mezani iliyobanwa vizuri. Sakafu ya chumba hicho idekiwe kwanza, isifagiliwe ikiwa kavu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula na kabla ya kulala, na midoli inayoanguka chini ya dirisha ioshwe. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo maharage, dagaa, mboga za majani na maziwa vina kazi kubwa hapo nyumbani kwako kuliko pambo lolote. Na ikiwa yupo aliyewahi kula magamba, mpeleke kwa daktari ukaseme hivyo hivyo.

Kuhusu mwenye nyumba, usianze na habari ya kubomoa. Mpigie picha ya ukuta kwa nje, muonyeshe mahali maji yanapotuama, na umwombe ruhusa ya kuondoa udongo ulioegemea ukuta na kutengeneza bomba. Hilo linaulinda msingi wake, na wenye nyumba wengi huelewa lugha ya msingi kuliko lugha ya rangi. Ukuta wenye chumvi usiubandike karatasi wala stika, kwa kuwa unyevu utafungika nyuma yake na kuotesha ukungu. Ukitaka kupendezesha, tundika kitenge kwenye fito iliyo mbele ya ukuta kwa vidole viwili, hewa ipite nyuma. Sisi tulikaa na kitenge namna hiyo katika chumba cha bibi mwaka mzima.

#6 – Mchangiaji, mzee (Kongwa)

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mimi naishi Kongwa, na mji wetu unazo nyumba za aina mbili za kale. Zipo zilizoachwa na mpango wa karanga wa Waingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1940, ambazo mbao zake zimepakwa rangi za wakati ule, na yale ya mama kuhusu risasi yanazihusu moja kwa moja. Zipo pia nyumba zetu za udongo, za matofali mabichi na tembe za wazee wetu, na watoto wanalala humo vilevile.

Ninaomba niwaonye wenye nyumba za udongo. Vijana wangu walirudi kutoka mjini wakapiga lipu ya saruji chumba cha wajukuu ili kiwe cha kisasa. Saruji ni ngumu na haipumui kama udongo, ukuta nyuma yake unatanuka na kusinyaa kwa mvua na jua. Baada ya misimu miwili lipu ilijitenga, ukigonga unasikia uwazi, na siku moja kipande kikubwa kilianguka kando ya kitanda. Mungu alitunusuru. Tumerudia lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa, na juu yake tunapaka chokaa. Chokaa ipakwe nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mkono ukauke kwanza. Inaangaza chumba, inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake huzuia ukungu. Ila chokaa mbichi huunguza macho na ngozi, watoto wasikaribie ndoo.

Swali langu kwa mama: mchwa mmewafanyaje? Huku kwetu kabati likikaa ukutani mwaka mmoja, mgongo wake unabaki ganda.

#7 – Mleta mada

Shikamoo mzee wetu. Nashukuru sana kwa somo la chokaa, na namshukuru Mungu kwa ajili ya wajukuu.

Mchwa tulikutana nao tulipobomoa lipu. Walikuwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka kwenye ile bustani ya maua, kupitia ufa wa msingi, hadi kwenye fremu ya mlango. Kuondoa udongo uliofunika msingi kumesaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sasa wakitaka kupanda ni lazima wajenge njia juu ya saruji iliyo wazi, nasi tunaiona na kuivunja. Dawa iliwekwa na mtaalamu kwa nje, kwenye udongo kando ya msingi, na hatukuruhusu inyunyizwe chumbani ambako watoto wanalala. Fremu mpya na kitanda ni vya mninga, mbao ambayo mchwa huisumbua kidogo. Kabati la zamani la mbao za unga lililokuwa humo lilishavimba chini kwa unyevu, tukaliacha. Kabati jipya ni dogo, lina miguu mirefu kiasi cha kupitisha ufagio na macho, limesogezwa mbele ya ukuta kwa vidole vinne, na limefungwa ukutani kwa vyuma viwili. Mtoto wa miaka mitatu hufungua droo na kuzipanda kama ngazi, na kabati lisilofungwa humwangukia.

Kitanda cha binti ni futi tatu na nusu kwa sita, cha mdogo wake ni kifupi chenye kingo. Tulifikiria kitanda cha deka ili kuokoa nafasi, lakini dari ni ya chini na ya juu angelala akiwa amekaribia bodi ambayo hatutaki iguswe, kwa hiyo tukaachana nacho.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Desemba, usiku, na mume wangu alikwenda na tochi kuupapasa ule ukuta akidhani nimelala. Ulikuwa mkavu. Januari tulibandika tena nailoni, na Machi tena, bila kuona tone. Sehemu moja karibu na pembe imetoa chumvi kidogo, upana wa kiganja, na fundi anasema ni unyevu wa zamani unaomalizikia, tuufute kwa brashi kavu na tuusubiri kiangazi. Tumeweka alama ya penseli kuuzunguka, pamoja na tarehe.

Walioniomba picha za michoro ya binti kwa ujumbe wa pembeni, nitaziweka hapa kesho saa kumi jioni, jua linapoingia dirishani na kuufikia ukuta ule. Ameomba nisizipige kabla hajammalizia twiga wa mwisho mguu wake wa nne.